Mbio za mikweche: kanuni kwanza, mfadhili baadaye

Nchini Finland kuna mbio za magari ambazo dereva anaweza kushinda mchana, na jioni akaomba lifti ya kurudi nyumbani. Gari hana tena. Hakuligonga, wala hakunyang'anywa kwa kuvunja kanuni. Limenunuliwa, na kanuni hazikumpa nafasi ya kukataa.

Mbio hizo zinaitwa Jokamiehenluokka, na Wafini wenyewe hufupisha wakasema jokkis. Magari ni mikweche mitupu, yale yaliyokwisha kuchoka barabarani, yakang'olewa viti vya abiria na mapambo, yakafungwa kizimba cha mabomba ya chuma ndani, kisha yakaachiwa kwenye uwanja mfupi wa kokoto na lami. Kila gari linaloingia uwanjani hapo lina bei moja, iliyopangwa na shirikisho la mbio la nchi hiyo, na hesabu yake ni ya euro elfu moja au mbili, si elfu kumi. Siku ya mashindano, mwenye leseni anaweza kuweka ombi la kununua gari la mwenzake kwa bei hiyo. Waombaji wakizidi mmoja, inapigwa kura. Mwenye gari akigoma kuuza, anapoteza haki ya kushindana. Wasweden nao wana mchezo wa aina hiyo, folkrace, wenye kanuni ileile ya kuuza kwa lazima.

Mtu akiisikia mara ya kwanza huona ni uonevu. Fundi amekesha wiki nzima chini ya gari, amelifahamu kila nati, halafu mtu wa mtaa wa pili analiondoa kwa noti chache? Lakini itazame kwa upande wa kijana mwenye baba tajiri. Huyu anaweza kuagiza injini ya euro 10,000 na kuificha ndani ya bodi yenye kutu. Finland hakuna anayehangaika kumkamata. Aitie tu. Jumamosi hiyohiyo mtu atalinunua gari lake kwa bei ya shirikisho na kwenda nalo, injini ikiwemo. Baada ya hapo kijana atajifunza mwenyewe kwamba fedha zake hazina kazi pale, na kama anataka kushinda basi ajifunze kuendesha.

Unafuu wa mbio za namna hii hautokani na bei ya gari. Gari kuukuu linapatikana popote duniani. Unatokana na kanuni inayomfanya mwenye fedha nyingi akose pa kuzitia. Hilo ndilo ambalo wapenzi wa mchezo huu Afrika Mashariki hawalisemi vya kutosha. Kila msimu malalamiko ni yaleyale: mchezo ni ghali, vijana hawaingii, magari ya kushindana yanapungua. Na dawa inayotajwa ni ileile, apatikane mfadhili. Mfadhili akipatikana, fedha zake humwongezea kasi yule aliyekuwa na kasi tayari, na pengo linazidi kupanuka.

Ajabu ni kwamba eneo hili liliwahi kujua namna nyingine. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yaliondoka Nairobi, Kampala na Morogoro kwenda kulizunguka Ziwa Victoria. Yalikuwa magari ya dukani, jinsi yalivyouzwa kwa mnunuzi wa kawaida. Madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini kama ilivyozoeleka Ulaya. Yalipangwa kwa bei ya gari dukani. Wa bei ya chini alipambana na wa bei ya chini mwenzake. Mwaka huo hakukutangazwa hata mshindi wa jumla. Mwaka uliofuata Vic Preston alishinda kwa Volkswagen Beetle, gari ambalo karani wa serikali angeweza kuliota.

Na mwaka 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ya mtumba, gari lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda kabla ya wao kulichukua. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, lakini ile Volvo iliyotumika ndiyo inayostahili kukumbukwa na kila anayeamini kwamba bila gari jipya hakuna mbio.

Safari imerudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia tangu 2021, na Naivasha hujaa watu. Vizuri. Ila hebu tutazame ngazi iliyo chini ya magari yale makubwa, inayoitwa Rally2. Ilipoanzishwa mwaka 2013 kwa jina la R5, Shirikisho la Magari Duniani, FIA, liliweka kikomo cha bei ili watu wa kawaida nao wamudu: euro 180,000. Hicho ndicho wanachokiita kubana matumizi.

Waingereza wamelishika jambo hili la mbio nafuu kwa gari ambalo mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi analifahamu, ingawa kwa jina jingine. Citroën C1 ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 2005 katika kiwanda cha Kolín, Jamhuri ya Czech, sambamba na Peugeot 107 na Toyota Aygo. Ni gari moja lenye nembo tatu. Chini ya boneti kuna injini ya Toyota yenye silinda tatu, ujazo wa cc 996 na nguvu farasi 68, ambayo mafundi huijua kwa namba zake, 1KR. Injini ya ukoo huohuo ndiyo iliyofungwa kwenye Vitz ya lita moja, na kwenye Passo. Kwa maneno mengine, kile kinachonguruma kwenye maegesho ya teksi za mtandaoni Nairobi ndicho kinachokimbia saa 24 mfululizo huko Silverstone.

Ndiyo, saa 24. Klabu ya C1 imekwisha kukimbiza vigari hivi usiku na mchana Silverstone, na imekwisha kuvipeleka mpaka Spa-Francorchamps, Ubelgiji, uwanja ambao hata madereva wa Formula One huuheshimu. Kanuni zao ni nyepesi kuelewa. Kizimba cha usalama, springi, shokapu na matairi ni vya aina moja kwa wote. Injini inabaki ilivyotoka kiwandani. Timu ya madereva watatu au wanne inagawana gharama na zamu za usukani, kwa hiyo ada ambayo mmoja asingeimeza inakuwa ya kuvumilika.

Kuna wanaocheka: nguvu farasi 68, hizo ni mbio au ni foleni ya shule? Anayecheka hajawahi kulipandisha gari la lita moja kwenye mlima wa Spa. Mwenye Subaru ya turbo akikosea kona, akakanyaga breki mapema, anairudisha hasara kwa mguu wa kulia mara tu barabara inaponyooka. Mwenye C1 hana cha kurudishia. Kilomita tano za mwendo alizozipoteza kwenye kona zinamfuata mpaka mwisho wa njia ndefu, na wenzake wanne wanampita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijibanza nyuma ya mwenzake ili akatiwe upepo. Kwa hiyo dereva analazimika kujifunza kuingia kona bila kulinyima gari mwendo, kuachia breki taratibu, kusoma barabara mapema. Hayo ndiyo mafunzo yenyewe. Gari lenye nguvu nyingi humsamehe dereva wake, na anayesamehewa kila kona hachoki kukosea.

Wala Waingereza hawakuanza jana. Klabu ya 750 Motor Club ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya wenye Austin 7, kigari cha cc 747 kilichokuwa kimejaa kila mtaa na wakati huo kinauzwa kwa bei ya kutupa. Baada ya vita klabu hiyo ikaandika kanuni za kukigeuza kuwa gari la mbio bila kufilisika. Mmoja wa walioingia humo ni Colin Chapman, kijana aliyejenga gari lake la kwanza juu ya Austin 7 kuukuu na baadaye akawa mwenye Lotus, timu iliyotwaa ubingwa wa Formula One mara kadhaa. Upande wa pili wa dunia, New Zealand, Bruce McLaren naye alianza kushindana akiwa kijana mdogo kwa Austin 7. Jina lake bado linazunguka kwenye viwanja vya Formula One hadi leo. Si hoja kwamba kila kijana wa Vitz atakuwa McLaren. Hoja ni kwamba mlango ulikuwa wazi, na mlangoni hakuulizwa mtu ana kiasi gani benki.

Marekani nako gari lao ni Mazda MX-5, ambalo huko huitwa Miata. Lilioneshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989: viti viwili, paa la kukunja, injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 116, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Aprili 2016 Mazda ilitengeneza la milioni moja. Gari likitengenezwa kwa wingi namna hiyo, vipuri vyake huwa rahisi, na kila fundi analijua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo lilipoanza daraja la Spec Miata, ambalo sasa linaendeshwa na klabu kubwa mbili, SCCA na NASA (hawa hawarushi roketi). Springi, shokapu, vyuma vya kuzuia kulala kwenye kona na matairi, vyote vimetajwa kwa jina kwenye kanuni. Magari ya miaka tofauti yanasawazishwa kwa uzito, na yale yenye nguvu zaidi hufungwa kisahani chenye tundu kinachobana hewa inayoingia kwenye injini.

Mbio zikiisha, magari ya mbele hayaruhusiwi kurudi kwa mafundi wake. Yanakwenda moja kwa moja kwenye mizani, dereva akiwa bado ameketi ndani na jasho linamtiririka, kwa sababu uzito wa chini unaotakiwa ni wa gari na mtu kwa pamoja. Dereva mwembamba hufungiwa vyuma sakafuni ili wembamba wake usimpe faida. Baada ya mizani mkaguzi huinama, akapima kimo cha gari kutoka chini, akasoma namba kwenye springi, akageukia matairi. Akiwa na shaka anaweza kuagiza injini ifunguliwe. Fundi anafungua huku mkaguzi amesimama juu yake na vipimo mkononi, na familia ya dereva inasubiri nje ikijifanya haina wasiwasi.

Ukaguzi wa namna hiyo ndio ulioleta kizaazaa mwaka 2014 kwenye mashindano ya taifa ya SCCA pale Laguna Seca, California. Madereva kadhaa wa mbele wa Spec Miata walienguliwa baada ya vichwa vya silinda vya injini zao kuonekana vimekwanguliwa na kulainishwa kuliko kanuni zilivyoruhusu. Kosa lenyewe lilikuwa ndani ya njia za hewa, mahali pasipoonekana mpaka injini ifunguliwe. Hizo zilikuwa mbio za klabu. Hakukuwa na mshahara wala mkataba wa televisheni wa kumfanya mtu mzima atamani kudanganya. Watu walitaka tu kushinda, na fundi wa kulipwa alijua pa kukwangua.

Hilo nalo ni la zamani. Mbio za kwanza kabisa za daraja la magari ya dukani la NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, pale Charlotte, Juni 19, 1949, zilikuwa na sharti moja: gari liwe kama lilivyouzwa. Glenn Dunaway alivuka mstari akiwa wa kwanza na Ford ya 1947. Mkaguzi akachungulia springi za nyuma, akakuta zimeimarishwa kama walivyokuwa wakifanya wasafirishaji wa pombe haramu wa majimbo ya kusini, ili gari lililojaa mzigo lisibonyee nyuma na kuwashtua polisi. Dunaway akaondolewa, ushindi ukaenda kwa Jim Roper na Lincoln yake. Mwenye ile Ford alikwenda mahakamani kudai dola 10,000, akashindwa.

Kutoka 1949 hadi 2014 ni miaka 65, na springi na kichwa cha silinda vimesema jambo moja. Kanuni ya vifaa sawa ina nguvu sawasawa na mkaguzi wake. Inahitaji vipimo, inahitaji mtu anayeijua injini kuliko mwenye injini, na inahitaji klabu isiyoogopa kumwengua mshindi mbele ya watoto wake. Na hata ikisimamiwa vizuri, fedha zinatafuta upenyo mwingine: matairi mapya kila wikiendi, siku za mazoezi za kukodi uwanja, injini zilizojengwa na wataalamu kwa maelfu ya dola bila kuvunja kanuni hata moja. Spec Miata bado ni mbio nzuri sana, lakini anayetaka kushika nafasi za mbele atalipa fedha ambazo zingenunua Miata kadhaa za kawaida.

Mmarekani mwingine, Jay Lamm, alilishughulikia tatizo hilo kwa dhihaka. Mwaka 2006 alianzisha mbio za 24 Hours of Lemons, kwa kuwacheka wakubwa wa mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na akaweka sharti kwamba gari pamoja na marekebisho yake lisizidi dola 500. Majaji husimama mbele ya kila gari kabla ya mbio na kumhoji mwenye nalo: umelinunua kwa nani, injini hii umeitoa wapi, mbona shokapu zinang'aa? Anayeonekana kazidisha anaongezewa mizunguko ya adhabu kabla hata hajawasha gari. Waandaaji nao wana haki ya kulinunua gari lolote kwa dola 500. Zawadi inayotafutwa zaidi si ya mshindi wa jumla. Ni ya timu iliyofika mbali zaidi kwa gari baya zaidi. Kuna mwaka timu moja ilileta bodi ya ndege ya Cessna 310 iliyofungwa juu ya gari la abiria la Toyota, na ikakimbia. Miaka ya mwanzo waandaaji walikuwa wakichagua gari moja kwa kura za washindani na kulipondaponda kwa mtambo wa kuchimbia, mwenye nalo akitazama.

Vichekesho hivyo vina akili ndani yake. Mtu anayejua atachekwa kwa kutumia fedha nyingi hatatumia fedha nyingi.

Lipo hata hivyo eneo moja ambalo Lemons hawataki utani nalo: vifaa vya usalama havihesabiwi kwenye zile dola 500, wala breki, wala matairi. Kizimba cha chuma peke yake kinagharimu zaidi ya gari lenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Anayeandaa mbio za bei nafuu lazima aelewe kwamba unafuu unaishia kwenye ngozi ya dereva. Kizimba kichomelewe na mtu anayejua kuchomelea, si yule wa mageti. Mikanda iwe ya mbio na iwe haijapita muda wake. Kiti kisiwe kile cha kiwandani kinachovunjika mgongo gari likigongwa nyuma. Ovaroli isiyoshika moto. Helmeti za mbio hupewa kiwango kipya kila baada ya miaka mitano, 2015, 2020, 2025, na klabu nyingi hukataa za kale hata kama zinang'aa. Helmeti ya bodaboda haiingii hapo hata kwa bahati mbaya. Kuna pia kifaa cha kuzuia shingo isivunjike, ambacho kilisambaa baada ya dereva wa NASCAR, Dale Earnhardt, kufariki kwenye mbio za Daytona mwaka 2001. SCCA ilikifanya cha lazima mwaka 2012. Hivi vyote vina bei, na hapa ndipo mfadhili anapofaa kuitwa: anunue kizimba na mikanda ya magari ishirini, aachane na kumnunulia mtu mmoja turbo.

Basi hapa kwetu ifanyikeje?

Gari lipo. Vitz ya lita moja imejaa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kiasi kwamba vipuri vyake vinapangwa barabarani, Grogan na Kirinyaga Road, Gerezani, Kisekka. Zipo zilizopata ajali na kukataliwa na kampuni za bima kwa sababu kuzinyoosha bodi ni ghali kuliko thamani yake. Iliyobonyea mlango inafaa kabisa kwa mbio. Iliyopinda chasi haifai, na klabu iwe na ujasiri wa kuikataa. Baadhi ya wapenzi watasema Probox ni ngumu zaidi, na hawajakosea, lakini Probox moja ikikimbia, mwenye duka la jumla mahali fulani amekosa gari la kazi.

Uwanja nao si kisingizio. Kweli, eneo hili halina viwanja vya lami vya kudumu vya kulinganisha na vya Ulaya. Jokkis haiendeshwi Silverstone. Inaendeshwa kwenye vijia vifupi vya kokoto, na autokrosi zinazosimamiwa na Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, KMSF, zimekuwa zikifanyika kwenye viwanja vya vumbi kwa miaka. Msimu wa kwanza wa Vitz unaweza kuanza kwa saa, gari moja moja, kila dereva na muda wake. Kukimbia bega kwa bega kusubiri mpaka vizimba vyote vikaguliwe na waandaaji wawe wamezoea kazi yao.

Ugumu utakuwa kwenye kanuni ya kuuza. Mtu anayewajua watu wetu anaweza kuona mbali: binamu atalinunua gari la binamu, jioni watarudishiana. Au mkubwa fulani atagoma, na klabu itamnyamazia kwa sababu ndiye aliyetoa hema na spika. Wafini wana jibu kwa la kwanza: waombaji wakiwa watatu, kura ndiyo inayoamua, kwa hiyo binamu hana uhakika. Fedha zilipwe M-Pesa kwa klabu kabla ya kura, wasioshinda warudishiwe palepale. Na kila anayejiandikisha asaini mapema kwamba gari lake linauzwa, kabla hajawasha injini. Gari la mbio lisiwe na namba za barabarani, ili asitokee mtu wa kudai kadi imebaki kwa mkewe. Kwa lile la pili, la mkubwa anayegoma, hakuna teknolojia. Klabu iamue siku ya kwanza, mbele ya watu, au isianze.

Kuna pingamizi jingine linalostahili kusikilizwa. Watazamaji wa hapa wanapenda kelele za turbo. Wamelelewa na Subaru Impreza na Mitsubishi Evo, na Vitz inasikika kama cherehani. Lakini kinachomfanya mtu asimame juani kwa saa nne ni ushindani, na ushindani haupo magari manne yanapoachana kwa dakika nzima kila moja. Vitz 20 zinazokimbilia kona moja, zote zina nguvu farasi zilezile, na hakuna anayejua ipi itatoka mbele upande wa pili, zina mvuto ambao Impreza ikiwa peke yake porini haina. Subaru ziendelee, mashindano yake yapo na yana wapenzi wake. Hazihitaji kuwa lango la kuingilia.

Kinachobaki ni bei ya kuuzia, na hapo ndipo klabu nyingi zitataka kukosea kwa huruma. Ikiwa juu mno, anayechokonoa injini hatahofia kitu, maana hatapata hasara kubwa gari likiondoka. Ikiwa chini mno, hakuna atakayechomelea kizimba kizuri. Njia nyepesi ni kuweka bei ya Vitz iliyochoka sokoni ukajumlisha gharama ya kizimba chake, basi. Kiti, mikanda na kizimamoto abaki navyo muuzaji, avihamishie kwenye gari lake linalofuata. Bei itangazwe kabla ya mashindano ya kwanza ya mwaka na isiguswe mpaka ya mwisho, hata kama katikati ya msimu shilingi itashuka na bandari ikapandisha ushuru.